SOMO LA AFYA: KADI ILIYOANZA NA HAIKUMALIZIKA
Ratiba ya chanjo kwa mama mjamzito, mtoto mchanga na mtoto anayekua, na kazi ya kamati ya parokia

Utangulizi

Katika toleo hili tunajifunza kuhusu chanjo za kawaida, yaani zile ambazo kila mama mjamzito na kila mtoto hapa Tanzania anapaswa kuzipata kwa wakati wake. Wengi mtasema somo hili mmelisikia mara nyingi kliniki na redioni. Ni kweli. Lakini kuna mtu mmoja ambaye kamati zetu nyingi humsahau: mtoto aliyeanza chanjo vizuri na hakumaliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kamati ya afya ya parokia moja huku Nyanda za Juu Kusini. Ajenda iliandikwa "Wazazi wanaokataa chanjo". Mjumbe mmoja akatoa mfano wa mama wa kigango cha mbali, ambaye mtoto wake alikuwa ameugua surua hadi jicho moja likapoteza nuru. Katekista akasema si vizuri kumzungumzia mtu akiwa hayupo, naye yupo hapo nje amekuja na wenzake wa jumuiya. Tukamwomba aingie.

Mama yule hakusema mengi. Alifungua kanga, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kadi ya kliniki iliyokunjwa vizuri. Tuliipitisha mkono kwa mkono. Chanjo ya kuzaliwa ilikuwepo. Ya wiki 6 ilikuwepo, ya wiki 10 na ya wiki 14 pia, zote kwa tarehe zake. Nafasi ya miezi 9 ilikuwa tupu.

"Mimi sikukataa," alisema. "Nilikwenda, nikarudishwa."

Alikuwa ametembea saa tatu, mtoto mgongoni. Zahanati ilimwambia kwamba siku hiyo watoto wa surua waliofika ni wawili tu, na kichupa kimoja ni cha watoto kumi, hivyo arudi Alhamisi ya wiki inayofuata. Wiki iliyofuata mto ulikuwa umejaa. Ukaja msimu wa kupalilia. Baadaye mtoto alikuwa na kikohozi, akaona asimpeleke mgonjwa. Mtoto alipofikia miezi 14, surua ikaingia kijijini.

Kikao kilinyamaza. Tulikuwa tumekusanyika kuwajadili wakaidi, tukajikuta mbele ya mama aliyetii kila alipoambiwa.

Lengo la somo

Baada ya somo hili kamati iweze: (1) kuijua ratiba ya chanjo ya mama na ya mtoto, (2) kueleza kwa nini tarehe zimepangwa hivyo, (3) kuwatambua watoto walioishia njiani, na (4) kupanga hatua zinazowezekana pamoja na zahanati.

1. Chanjo ya mtoto huanza kwa mama

Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama. Huingia mwilini kwa mtoto mchanga kupitia kitovu, hasa kikikatwa kwa wembe usio safi au kikipakwa majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe. Mtoto huzaliwa mzima na hunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya 3 na ya 28 anashindwa kunyonya, taya zinakaza, mwili unakakamaa kila anapoguswa. Wazee wetu waliona ni degedege, na pengine alitafutwa mchawi. Wengi wa watoto hao walikufa kabla hata ya kupewa jina.

Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga hiyo akiwa bado tumboni. Ndiyo maana sindano ya mama ni chanjo ya kwanza ya mtoto. Siku hizi huchanganywa na kinga ya dondakoo. Ratiba yake ni dozi tano:

- Dozi ya 1: mara tu mama anapoanza kliniki ya wajawazito, au mapema zaidi. Dozi hii peke yake haitoshi kumkinga.
- Dozi ya 2: angalau wiki 4 baada ya ya kwanza. Humkinga kwa takriban miaka 3.
- Dozi ya 3: angalau miezi 6 baada ya ya pili, au katika mimba inayofuata. Hukinga kwa takriban miaka 5.
- Dozi ya 4: angalau mwaka 1 baada ya ya tatu, au katika mimba inayofuata. Hukinga kwa takriban miaka 10.
- Dozi ya 5: angalau mwaka 1 baada ya ya nne, au katika mimba inayofuata. Hukinga kwa muda wote wa kuzaa.

Mama ajitahidi dozi ya pili iwe imepita angalau wiki mbili kabla ya kujifungua, ili mwili wake upate muda wa kutengeneza kinga na kumpa mtoto. Anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi minane hujinyima nafasi hiyo. Mama ambaye ana uthibitisho wa chanjo alizopata zamani aje nao, muuguzi atahesabu zilizobaki.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Hii haina maana kwamba pepopunda imekwisha. Ndui ilitoweka duniani kwa sababu iliishi kwa binadamu tu, lakini pepopunda inaishi ardhini, na ardhi hatuwezi kuichanja. Tukiacha kuwachanja akina mama, itarudi.

Pana uvumi unaozuka mara kwa mara katika nchi mbalimbali kwamba sindano hii inafunga uzazi. Kamati ikikutana na uvumi huo isigombane na watu. Iwaonyeshe ratiba yenyewe. Dozi ya tatu, ya nne na ya tano zimepangwa kwa mimba zinazofuata. Kila kigango kina mama aliyechanjwa katika mimba ya kwanza na leo ana watoto wanne. Aombwe yeye aeleze.

2. Ratiba ya mtoto

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mpana wa chanjo mwaka 1974, na Tanzania ilianza wa kwake mwaka 1975. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka magonjwa sita ya wakati ule: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Tangu hapo zimeongezwa nyingine: homa ya ini aina ya B mwaka 2002, kinga ya homa ya uti wa mgongo na nimonia iletwayo na vijidudu vya Hib mwaka 2009, chanjo ya nimonia na ya kuhara mwaka 2013, rubella na dozi ya pili ya surua mwaka 2014, na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa nchi nzima mwaka 2018.

Ratiba ya mtoto ni hii:

Anapozaliwa: BCG (kifua kikuu), na matone ya polio ya mwanzo. Aliyezaliwa nyumbani apelekwe mapema iwezekanavyo, bila kungoja arobaini.

Wiki 6: matone ya polio, sindano ya penta ya kwanza, chanjo ya nimonia ya kwanza, na matone ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota.

Wiki 10: zote hizo kwa mara nyingine.

Wiki 14: matone ya polio, penta ya tatu, nimonia ya tatu, pamoja na sindano ya polio.

Miezi 9: surua na rubella, dozi ya kwanza.

Miezi 18: surua na rubella, dozi ya pili.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14: chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwanzoni ilikuwa dozi mbili. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja.

Penta ni sindano moja yenye kinga tano ndani yake: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na Hib. Pamoja na chanjo, mtoto hupewa vitamini A kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi sita hadi afikishe miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Ratiba huongezwa mambo mapya kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo kamati ibandike ukutani ratiba iliyotolewa na zahanati yake, na neno la mwisho liwe la muuguzi.

3. Kwa nini tarehe hizi?

Mama aliyeelewa sababu hasahau tarehe. Tuangalie tatu.

Kwa nini tunarudia penta mara tatu? Mwili wa mtoto hujifunza. Dozi ya kwanza inauonyesha adui, ya pili inaukumbusha, ya tatu inauimarisha. Kati ya dozi na dozi zipite angalau wiki nne. Mtoto aliyepata moja tu hajakingwa ipasavyo, ingawa mama anaweza kusema kwa dhati, "Wangu amechanjwa." Tena kifaduro huua zaidi watoto wachanga wa miezi ya kwanza. Kuchelewa miezi miwili ni kumwacha mtoto bila kinga katika siku zile anazoihitaji kuliko zote.

Kwa nini surua ingoje miezi 9? Mtoto huzaliwa na akiba ya kinga ya surua kutoka kwa mama yake. Akiba hiyo hupungua polepole. Chanjo ikitolewa mapema mno, kinga ya mama inaweza kuizuia isifanye kazi. Ikichelewa mno, akiba imekwisha na mtoto yuko wazi. Miezi 9 ndiyo mahali pa katikati.

Kwa nini arudi tena miezi 18? Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, takriban 85 hupata kinga. Hao 15 waliobaki hawajulikani kwa macho, kwani kadi zao zimejazwa kama za wenzao. Dozi ya pili inawafikia wengi wao. Hapa ndipo akina mama wengi huishia, kwa sababu mtoto anatembea, anakula ugali, mama pengine ana mimba nyingine, na kliniki inaonekana ni ya watoto wachanga.

Rubella imeungana na surua kwa sababu nyingine. Kwa mtoto ni homa nyepesi na vipele. Kwa mama mwenye mimba changa inaweza kuharibu moyo, macho na masikio ya mtoto aliye tumboni. Mjamzito hapewi chanjo hii. Kinga yake inatoka kwa watoto wa nyumba yake na wa jirani wakiwa wamechanjwa.

4. Hesabu ya kigango

Tufanye hesabu pamoja. Chukua kigango chenye watoto 100 wenye umri wa kuchanjwa surua. Tuseme 80 wamepelekwa miezi 9. Kamati itafurahi, kwa kuwa thamanini kwa mia si haba. Lakini katika hao 80, waliopata kinga ni takriban 68. Waliobaki bila kinga ni 20 wasiopelekwa na 12 ambao dozi ya kwanza haikuwashika, jumla 32. Surua ni ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu yote tunayoyajua. Pasipo kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Kwa ajili hiyo wataalamu wanataka watu 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Watoto 32 wanatosha kabisa kuuwasha moto.

Kuna hesabu nyingine rahisi ambayo kila kamati inaweza kuifanya kwa kalamu. Muulizeni muuguzi: mwaka jana watoto wangapi wa eneo letu walipata penta ya kwanza, na wangapi walipata ya tatu? Tuseme walioanza ni 60 na waliomaliza ni 48. Walioishia njiani ni 12. Gawanya 12 kwa 60, zidisha kwa 100, unapata asilimia 20. Ikizidi asilimia 10, wataalamu huiona kuwa dalili kwamba kuna tatizo. Fanyeni hivyo hivyo kwa surua ya kwanza na ya pili.

Hesabu hii ina jambo la kutia moyo. Hawa 12 si watu wanaopinga chanjo. Mama zao walikuja kliniki wenyewe mara ya kwanza. Majina yao yameandikwa. Nyumba zao zinajulikana. Kumrudisha mtu aliyekwisha kuianza safari ni kazi nyepesi kuliko kumshawishi ambaye hajatoka nyumbani.

5. Kwa nini watoto huishia njiani?

Kurudishwa. Chanjo ya BCG na ya surua huja ikiwa unga, na huchanganywa na maji yake maalumu siku ya kutolewa. Kichupa kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya saa sita au huduma inapokwisha. Muuguzi anayefungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja anaona dozi nyingine zinamwagwa, naye huogopa kuulizwa kwenye taarifa yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu mtoto aliyerudishwa huenda asionekane tena. Chanjo inayomwagika ni hasara, lakini mtoto asiyechanjwa ni hasara kubwa zaidi.

Ugonjwa mdogo. Mafua, kikohozi, kuhara kidogo au homa nyepesi si sababu ya kuacha chanjo. Mama ampeleke mtoto na muuguzi aamue.

Matokeo ya sindano. Baada ya penta mtoto anaweza kupata homa na paja kuuma kwa siku moja au mbili. BCG hutoa kijipele baada ya wiki chache, hupasuka, hukauka na kuacha kovu. Kidonda hicho kisipakwe dawa wala majani. Mama asiyeambiwa mapema hudhani mtoto ameharibiwa, na harudi tena. Dalili zikiwa kali au zikiendelea, ampeleke mtoto kituoni mara moja.

Aibu ya kuchelewa. Mama aliyepitisha tarehe huogopa kugombezwa. Wengine hudhani kwamba sasa lazima kuanza upya au kwamba haiwezekani tena. Sivyo. Mtoto aliyechelewa haanzi upya, bali anaendelea pale alipoishia. Tunaomba jambo hili litangazwe kila kigango.

Kadi kupotea na familia kuhama. Wakati wa kilimo familia huhamia mashambani. Mabinti wanaokwenda kufanya kazi mjini huwaacha watoto kwa bibi, na kadi hubaki kwenye sanduku la mama. Chanjo hutolewa kituo chochote, si lazima pale pale palipoanzia. Aliyepoteza kadi aende hivyo hivyo, maana kituo kina rejesta.

6. Kamati ifanye nini?

Turudi kwenye kikao kile. Baada ya kumsikiliza mama, kamati ilifuta ile ajenda na kuandika nyingine: "Watoto wasiomaliza". Kisha wajumbe wawili walikwenda kuzungumza na muuguzi, bila kumshtaki. Naye alikuwa na ya kwake. Alikuwa peke yake zahanati nzima, na alikuwa amekwisha kuonywa kuhusu dozi zinazopotea. Walikubaliana mambo ambayo nadhani kila parokia inaweza kuyafanya.

Kwanza, siku moja inayojulikana. Vigango vitatu vya karibu vilikubaliana na zahanati siku moja ya mwezi kwa chanjo ya surua na BCG, na katekista akaitangaza Jumapili iliyotangulia. Wakija watoto wanane kwa pamoja, kichupa kinafunguliwa bila wasiwasi. Hata hivyo walikubaliana kwamba atakayefika siku nyingine asirudishwe akitoka mbali.

Pili, daftari la jumuiya. Kila jumuiya ndogo ndogo inajua nani ni mjamzito na nani amejifungua. Mama mmoja anayeaminika aliandika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kliniki inayofuata. Kila mwezi alilinganisha daftari lake na rejesta ya muuguzi. Aliyekosa alitembelewa nyumbani katika wiki hiyo hiyo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au na jirani.

Tatu, siku ya ubatizo. Wazazi wanapokuja kuandikisha mtoto, katekista aombe pia kuiona kadi ya kliniki na kuwakumbusha tarehe inayofuata. Lakini tunasisitiza kwamba kadi kamwe isiwe sharti la ubatizo, wala wa sakramenti yoyote. Mzazi akiona anapimwa ataificha kadi, na mtoto atapotea pande zote mbili.

Nne, akina baba. Nauli iko mfukoni kwa baba, na ruhusa ya kuacha shamba siku moja mara nyingi hutoka kwake. Viongozi wa wanaume wapewe somo hili. Baba mmoja aliyebeba mtoto kwenda kliniki hufundisha kuliko matangazo kumi.

Tano, vijiji vya ng'ambo ya mto. Pale ambapo njia hukatika wakati wa masika, kamati iombe huduma ya mkoba kabla ya mvua, na itoe mahali pa kukutania. Kanisa la kigango, shule au chini ya mwembe panatosha.

Sita, siri na heshima. Majina ya walioishia njiani yasisomwe hadharani. Pasiwe na faini. Watoto wa waumini wa madhehebu na dini nyingine nao waandikwe, kwa sababu surua haiulizi mtu anasali wapi.

7. Neno kwa wafadhili wetu

Wafadhili wetu wapendwa mara nyingi hutuuliza kama watume fedha za kununulia chanjo. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini si hitaji letu. Chanjo za kawaida hutolewa bure, na Serikali huzipata kwa msaada wa washirika kama UNICEF na Gavi, mfuko ulioanzishwa mwaka 2000. Vituo vya kanisa navyo huzitoa bila malipo.

Pengo liko kwenye njia kati ya jokofu na mtoto. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Joto linaziharibu, na baridi kali pia. Penta, chanjo ya nimonia na ya pepopunda zikiganda hazifai tena, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwenye kichupa kuna alama ya mviringo yenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweusi sawa na mviringo au kuuzidi, kichupa kile hakitumiki. Mjumbe yeyote anaweza kufundishwa kuusoma.

Kwa hiyo msaada unaofaa ni huu: mafuta ya pikipiki ya huduma ya mkoba, matengenezo ya jokofu la gesi au la umeme wa jua, visanduku vya baridi vya kubebea chanjo, daftari na kalamu, na mafunzo kwa wanaotembelea nyumba. Tafadhali msitununulie jokofu la nyumbani, kwani baridi yake si ya kuaminika kwa chanjo. Kabla ya kununua kifaa chochote, tunamwuliza mratibu wa chanjo wa wilaya. Na mtakapopokea taarifa zetu, msituulize tu watoto wangapi walichanjwa. Tuulizeni wangapi walioanza walimaliza.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo letu, mwaka jana walioanza penta ni wangapi na waliofika dozi ya tatu ni wangapi? Nani atamwuliza muuguzi, na lini?
2. Je, tunamjua mama aliyewahi kurudishwa kliniki? Tulimsikiliza, au tulimhukumu?
3. Kijiji gani chetu hukatika na zahanati wakati wa mvua? Huduma ya mkoba iombwe mwezi gani?
4. Bibi wangapi katika jumuiya zetu wanalea wajukuu? Kadi za watoto hao ziko wapi?
5. Tutawalindaje wazazi wasiaibishwe huku tukiwatafuta watoto wao?

Hitimisho

Tunapendekeza kila kamati ifanye jambo moja tu kabla ya toleo lijalo: itafute watoto watatu walioishia njiani, iwasindikize hadi kadi zao zijae, kisha ituandikie ilijifunza nini.

Nilipopita tena katika parokia ile, nilimwona yule mtoto. Anasoma, na mwalimu wake amempa dawati la mbele ili aone ubao kwa jicho lililobaki. Mama yake ndiye sasa mwenye daftari la jumuiya yao. Nilimwuliza kwa nini alikubali kazi ile, isiyo na posho. Alinijibu kwamba njia ya zahanati anaijua kuliko wengi wetu, na wenye tarehe ya wiki hii walikuwa watatu. Akaniaga, akaenda kuwakumbusha.